Hodi Kichwani mwa Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, na msiniulize zamani ipi maana hata mimi sikuwepo, wanyama walikuwa na nyumba zao, na hakuna aliyeingia kwa mwenzake bila kupiga hodi.

Tembo alikuwa na shida. Mkonga wake ulinaswa kwenye mtego wa waya ukapooza, ukawa unaning'inia tu. Mlango hawezi kufungua, bomba hawezi. Maji alinyweshwa na jirani yake Nguchiro, yule mdogo mwenye maneno mengi. Kiu yake, lakini saa ya kunywa ya mwingine! Hilo lilimuuma kuliko jeraha.

Akaja Fisi, fundi, na kidude kidogo kama punje ya mtama, na kisanduku shingoni. Alisema kikipandikizwa kichwani, ukiwaza tu mlango ufunguke, unafunguka. Kijiji kikagawanyika. Kobe aliapa kuwa kichwa chake hakiingii kitu. Nyumbu, mzima wa afya, alikitaka ili asinyanyuke kitandani. Nguchiro aliuliza jambo moja: kile kisanduku anachobaki nacho Fisi ni cha nini? Cha marekebisho, akajibiwa.

Tembo hakungoja, akawekewa. Kesho yake akawaza maji, bomba likafanya shwaa! Alikunywa huku akilia, wala hakuona haya.

Lakini vitu vyake vikaanza kupotea. Asali aliyoificha juu ya dari kabla ya kuumia, haipo. Njugu alizofukia uani, hazipo. Akamshuku Nguchiro, maana ndiye aliyezoea kuingia, na akamwambia usoni.

Nguchiro hakubishana. Siku ya pili alikuja na kikapu kilichofunikwa, akamnong'oneza kuwa ni nyama kavu ya harusi ya binti yake. Anaificha kwenye shimo la zamani nyuma ya jiko la Tembo, juu ametandaza majani. Kama Tembo si wa kumshuku bure, basi amtunzie siri hiyo, asimwambie mtu yeyote.

Tembo akafunga mdomo. Ila asubuhi nzima nyama ile haikumtoka kichwani.

Mchana, watu wote wako shambani, pu! Nyuma ya jiko. Tembo akakimbia, akamkuta Fisi shimoni, kisanduku shingoni, amekumbatia kikapu cha mawe.

Nguchiro alikuwa amesimama ukingoni. "Ulimwambia nani, mzee wangu?"

"Sikumwambia mtu. Niliwaza tu."

Tembo alijisikia akisema hivyo, akakitazama kisanduku shingoni mwa Fisi. Kisha hasira zikampanda. "Na wewe umenifanya chambo!"

"Ningekwambia ukweli, ungeuwaza, na Fisi angeusikia kwenye kisanduku chake. Nisamehe."

Kijiji kikajaa uani. Kobe akataka kidude king'olewe hapo hapo. Tembo aliutazama mkonga wake, akalitazama bomba.

"Hakitoki," alisema. "Huu ndio mkono wangu sasa. Nipeni hicho kisanduku."

Kikawekwa miguuni pake, akakikanyaga, kaa! Tembo akafumba macho, akawaza maji.

Bomba likafanya shwaa.

Jioni Nguchiro alifika mlangoni, akabisha hodi. Tembo hakuwaza haraka. Alikaa kidogo, akaonja raha ya kuamua mwenyewe, kisha mlango ukafunguka, akamwomba radhi rafiki yake kwa kumshuku.

Basi wanangu, anayeingia kichwani mwa mtu bila hodi ni mwizi, hata kama alikuja na msaada.