Gari la Mwalimu Ambakisye Lilipopiga Goti

Kilichoinama sicho kilichovunjika.

Nimewasikia mkimwambia hivyo Subilaga, jirani yetu aliyebebeshwa lawama ya mwingine, pale mlangoni, huku mkimpigapiga begani kama watu waliokuja msibani. Halafu mmoja wenu akaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni niwaambie, maana mnayatumia vibaya. Hiyo si methali ya kumpa mtu pole. Aliyeisema mara ya kwanza hakuwa anamfariji yeyote. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Ilianza hivi.

Hapa hapa Tukuyu, nyuma ya kiwanda cha mbao, palikuwa na gereji ya ushirika yenye mafundi tisa. Wanane walikuwa wanaume. Wa tisa alikuwa Tusekile, mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa, aliyejifunza kazi kwenye karakana ya misheni na kuijua hasa. Mwenyekiti wao alikuwa Fundi Lwitiko, mtu mzima wa makamo ya baba yake. Kila asubuhi Tusekile alimsalimia kama alivyolelewa kwao: anakunja magoti, anainamisha kichwa, anasema, "Shikamoo, baba." Hata akiwa na grisi mpaka viwikoni, hakuiacha salamu hiyo.

Gereji ile ilikuwa na sheria moja kali. Fundi aliyeharibu gari la mtu alikabidhi sanduku lake la spana mbele ya wenzake, akalitaja kosa kwa kinywa chake mwenyewe, kisha akakaa mwezi mzima akiosha vyuma kwa dizeli huku sanduku limefungiwa stoo. Kwa mwanamume ulikuwa mwezi wa aibu, ukaisha, akarudi kazini. Kwa Tusekile usingekuwa mwezi. Kwa miaka sita walikuwapo waliosubiri ateleze, naye alijua kwamba sanduku lake likishaingia stoo, halitatoka tena.

Sasa, Mwalimu Ambakisye, mstaafu, alikuwa na gari dogo la kizamani, rangi ya maziwa, taa za mviringo, alilolinunua mwaka wa sitini na nne. Nusu ya maharusi wa mji huu walipelekwa kanisani kwa gari hilo. Likipita, watu walisimama kulitazama, na Mwalimu, kwa kuwa alijua wanalitazama, alipunguza mwendo.

Mwezi wa tatu Tusekile alilibadilishia shokapu mbili za mbele. Likaondoka vizuri. Wiki tatu baadaye likarudi limepiga goti. Upande wa kulia mbele uliweza kupitisha ngumi kati ya tairi na madigadi. Upande wa kushoto vidole viwili vilipita kwa kubanwa, na kila Mwalimu alipokata kona tairi lilikwaruza bati.

Fundi Lwitiko alilizunguka mara moja, akabonyeza boneti kwa kiganja, akasikiliza kama daktari.

"Springi ya mbele kushoto imekufa," akasema. "Kilichoinama ndicho kibovu."

Huo ndio ulikuwa msemo wake. Aliutumia kwa magari, kwa viti na kwa watu, na kwa sababu mara nyingi ulikuwa kweli, hakuna aliyekumbuka kuuliza kama ni kweli siku zote. Swali lililofuata likawa rahisi: nani alikuwa wa mwisho kufungua mbele ya gari hili? Kufikia saa kumi mji mzima ulikuwa na jibu, tena na nyongeza yake. Ilisemekana Tusekile alichomoa springi halisi akaiuza kwa watu wa Mbeya, akapachika chakavu.

Lwitiko akaitoa springi iliyoshukiwa, akaweka nyingine nzima aliyoitunza siku nyingi. Gari likabaki limeinama. Akabana vipande vya mpira kwenye springi. Gari likanyanyuka unene wa kidole, likaanza kurukaruka kama punda. Mtu mwenye akili angesema hapo, labda kosa si la springi. Lwitiko alisema Tusekile amepinda chesisi. Ndivyo alivyo mtu akishampata mkosaji: ushahidi ukikataa, anaongeza mashtaka.

"Baba, niruhusu nilitazame," Tusekile aliomba.

"Anayetuhumiwa hashiki gari. Jumamosi saa nne utaleta sanduku."

Tusekile alirudi nyumbani akiwa amevimba kwa hasira. Ijumaa asubuhi alikaa kunywa chai kwenye meza yake ya jikoni. Mguu mmoja wa meza ile, wa nyuma kulia, ulikuwa umeliwa na mchwa, naye siku ile alikuwa ameutegea kipande cha tofali. Tofali lilikuwa nene kupita kiasi. Alipomimina chai, nyingine ikamwagika, ikakimbia moja kwa moja hadi kona ya mbele kushoto, ikamdondokea gauni. Aliitazama kona hiyo. Mguu wa pale ulikuwa mzima, na wala hakuna aliyeugusa. Kona ilikuwa imeshuka kwa sababu ile ya kinyume chake ilikuwa imepandishwa.

Akaweka birika chini polepole. Alikumbuka Jumapili moja, baada ya ibada, Mwalimu Ambakisye akijisifu kwamba alikwenda Kyela kuchukua mchele, springi ya nyuma ikapasuka, na Fundi Lwitiko akamtengenezea kwa nusu saa tu. "Amenipachikia bapa nene la springi ya pikapu," alisema. "Sasa nyuma hapashuki hata nikipakia magunia." Tusekile hakukumbuka ni Jumapili ipi, lakini alijua ilikuwa baada ya shokapu. Alijua pia kwamba kujua bila kuonyesha hakumsaidii mtu. Gari lilikuwa limefungiwa, na angelishika mara moja tu, mbele ya watu wote. Kama amekosea, amekwisha.

Jumamosi saa nne walikuwa wamekusanyika, mafundi wote na wa mji waliokuja kutazama. Tusekile akaja na sanduku. Akaenda mbele ya Lwitiko, akakunja magoti, akainamisha kichwa. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Lwitiko akanyoosha mkono kulipokea sanduku.

Tusekile akasimama wima, akaliweka sanduku miguuni pake mwenyewe, akalifungua.

"Sheria inasema nilitaje kosa kwa kinywa changu," akasema. "Siwezi kulitaja nisilolijua. Mwalimu, gari ni lako. Nakuomba wewe ruhusa ya kulipima."

Lwitiko akaanza kusema sheria ni sheria, lakini Mwalimu Ambakisye, aliyekuwa amechoka kuendesha punda, akainua fimbo yake. "Mwache apime. Ninyi mmelishika wiki nzima, mmenirudishia nini?"

Tusekile hakufanya haraka. Kwanza aliomba gari lisukumwe hadi kwenye sakafu ya zege ya kiwanda cha mbao, kwa sababu uwanja wa gereji ulikuwa na mteremko, na kipimo cha kwenye mteremko ni uongo. Akamwomba Anyosisye, fundi wa matairi, ajaze upepo sawasawa. Kisha akataka mipira itolewe na springi ile ya kwanza, iliyoitwa chakavu, irudishwe mahali pake. Mwalimu akaikagua, akaiona alama ya rangi aliyoipaka mwenyewe zamani. Uvumi wa Mbeya ukafia hapo. Anyosisye akaifunga. Ilichukua saa nzima, na hakuna aliyeondoka.

Akachukua ufito, akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bati, mbele kushoto, mbele kulia, akatia alama kwa kisu. Halafu akaenda nyuma.

"Nyuma hapana tatizo," Lwitiko akasema. "Huoni pamesimama?"

"Ndiyo maana napapima, baba."

Nyuma kulia palikuwa juu kuliko nyuma kushoto kwa vidole vitatu. Watu wakasogea. Kwa wiki nzima hakuna aliyekuwa amepima huko, maana nani anapima kinachosimama vizuri?

Tusekile akalala chini ya gari, akaweka jeki katikati kabisa, chini ya difu, lile bonge la chuma lililo kati ya magurudumu ya nyuma. Akatoka, akafuta mikono.

"Nikilinyanyua hapa, nyuma yote itakaa kwenye ncha moja," akasema. "Haitaweza kusukuma upande wowote. Kama ubovu uko mbele, mbele patabaki pameinama, nami nitakabidhi sanduku na kuondoka mjini, msihangaike na mwezi. Lakini mbele pakinyooka, mtanitafutia aliyegusa nyuma."

Niwaambie ukweli, aliogopa. Akashika mpini wa jeki. Akapampu. Magurudumu ya nyuma yakaachana na zege, ekseli ikajiinamia yenyewe upande mmoja, na pua ya gari ikaanza kujinyoosha, taratibu, mpaka zile taa mbili za mviringo zikawa mstari mmoja. Tusekile akaweka ufito kushoto, kisha kulia. Alama ikaangukia palepale.

Akashusha jeki, gari likapiga goti. Akapandisha, likanyooka. Alirudia mara tatu, mpaka mwenye macho na asiye na macho wakaelewa.

Mwalimu Ambakisye akageuza shingo. "Lwitiko, lile bapa la pikapu."

Lwitiko akakohoa. Hakuwa mtu mwovu, bali mtu aliyezoea kuwa sahihi, na dawa ya ugonjwa huo ni chungu. "Basi yaishe," akasema. "Nitalitoa bapa. Lakini na wewe, binti, umenibishia mbele ya watu. Mimi ni mkubwa wako. Piga goti uombe radhi, tusameheane, kila mtu arudi kazini."

Mafundi wengine wakaitikia kwa vichwa. Waliona ni jambo la busara. Anayeinama kila asubuhi, akiinama mara moja zaidi atapungukiwa nini?

Tusekile hakuinama.

"Baba, miaka sita nimekupigia goti kila siku," akasema. "Niliinama kwa heshima. Wewe ukadhani nina kosa. Gari hili nalo liliinama, ukalihukumu mguu uliokuwa mzima, kwa sababu huo ndio uliobeba uzito wa ulichokifanya wewe. Mnatazama kinachoinama tu. Kilichoinama sicho kilichovunjika. Kapime kilichosimama."

Akafunga sanduku lake, akakaa juu yake. "Sheria ni yako. Sitaondoka hapa mpaka niisikie ikitoka kinywani mwako."

Jua lilipanda, likaanza kushuka. Waliokuja kutazama waliagiza ndizi za kuchoma wakala palepale. Lwitiko alijaribu utani, akajaribu ukali, akajaribu kuuliza afya ya mama yake Tusekile. Tusekile alijibu yote kwa adabu na hakuinuka. Mwishowe yule mtu mzima akaingia stoo, akatoka na sanduku lake mwenyewe, akaliweka chini.

"Mimi ndiye niliyeweka bapa lisilo la gari hili," akasema. "Na ndiye niliyemsingizia Tusekile."

Wapo wanaosimulia kwamba Tusekile alilia, akalirudisha sanduku lile mikononi mwa Lwitiko, akamsamehe papo hapo. Hao hawakumjua Tusekile. Sanduku lilifungiwa stoo. Tusekile na Anyosisye wakalitoa bapa nene, wakaweka la saizi yake, na gari la Mwalimu likaondoka wima, likaendelea kubeba maharusi.

Jumatatu asubuhi Tusekile alifika kazini kama kawaida. Fundi Lwitiko alikuwa amekaa juu ya kigoda mbele ya karai la dizeli, anasugua vyuma. Wengine walijifanya hawamwoni. Tusekile akaenda hadi mbele yake, akakunja magoti, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Lwitiko akaacha kusugua. Alimtazama mwanamke yule aliyeinama mbele yake, mzima kabisa, na kwa mara ya kwanza akajua anatazama nini.

"Marahaba, fundi," akasema.

Aliposhika spana tena baada ya mwezi, ule msemo wake wa zamani hakuutamka tena. Kila gari lililoingia limelala upande, alianzia upande uliosimama.

Sasa mwachieni Subilaga bega lake. Hahitaji kupigwapigwa. Kama mnampenda, nendeni mkamuulize aliyembebesha lawama ile, na mseme mbele yake methali nzima, maana mmezoea kuikata mkia: Kilichoinama sicho kilichovunjika, kapime kilichosimama.