Bibi Semeni na Maji ya Lambwa

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika nusunusu. Wa nyuma kule sijawasikia kabisa. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Kuitikia nako ni kazi, msione hivi. Tulieni, mtajua kwa nini nimewarudisha.

Hapo zamani za kale. Lakini si za kale sana, maana hifadhi ya taifa ilikuwa ishawekwa, na geti lake, na askari wake, na magari ya watalii yakipita ngurrr, ngurrr, vumbi tifu! Zamani hizo twiga alikuwa na sauti. Sauti nzito, nzuri, ila ilichelewa kidogo kufika, kwa sababu ya safari ya shingoni. Msicheke. Twiga alikuwa akisema, na akisema alisikika.

Na twiga walikuwa na mila yao moja. Mnajua twiga anavyokunywa maji? Hawezi kuinama tu kama mbuzi. Atapanua miguu ya mbele, huu huku, huu kule, mpaka magoti yatetemeke. Kisha atateremsha shingo, polepole, polepole, mpaka mdomo uguse maji. Akishainama hivyo haoni nyuma, haoni kando, wala hawezi kukimbia upesi. Na simba analijua hilo tangu utotoni.

Kwa hiyo mila ikasema, twiga hanywi peke yake. Anayetaka kunywa atapanua miguu, halafu atauliza, "Nani yupo?" Na ndugu yake aliyesimama wima, akitazama huku na kule, atajibu, "Nipo. Kunywa." Asipojibiwa, hanywi. Koo limkauke, hanywi.

Basi, palikuwa na twiga mmoja mzee, jina lake Bibi Semeni. Alikuwa na watoto, na wajukuu, na vitukuu, na vilembwe. Wote walikuwa wametawanyika. Ukame uliwatawanya. Wengine walikwenda mashariki, wengine walivuka mpaka wa hifadhi wakawa wanaishi kwa wasiwasi karibu na mashamba ya watu. Bibi Semeni mwenyewe alikaa nyanda kavu za magharibi, na binti yake, na mjukuu wake aliyeitwa Zamda.

Zamda huyo alilelewa na bibi yake. Alimpenda, na tusije tukasema baadaye kwamba hakumpenda. Na alikuwa hodari wa kupanga mambo. Harusi ya pundamilia, Zamda. Msiba wa nyumbu, Zamda. Akisema "pangeni mstari", hata ngiri alipanga mstari, na ngiri mnamjua.

Siku moja Bibi Semeni akamwita.

"Mjukuu wangu, nina neno."

"Sema, bibi."

"Mimi nimekwisha. Nataka kunywa maji ya Mto Lambwa kabla sijafa. Nilizaliwa pale ukingoni. Tangu tuhame, nanyonya umande wa majani tu, na umande si maji. Lakini sitaki kwenda kunywa kama mwizi. Nataka nikiuliza nani yupo, damu yangu iniitikie."

"Ukoo mzima, bibi?"

"Mmoja anatosha. Ila nikiwaona wote, sitakataa."

Haya. Bibi alisema mmoja anatosha. Zamda akasikia wote. Sikio nalo huchagua.

Zamda akaanza kazi. Akawaita shashi, wale ndege wanaokula kupe migongoni, akawatuma kila upande. "Waambieni ukoo wote. Mvua za vuli zikikatika, tunakutana hifadhini, penye kilima cha Mto Lambwa. Hakuna mkuki pale, hakuna senyenge. Kila mtu aje na wanawe na wajukuu zake."

Shashi wakaruka, purrr! Wakarudi na majibu, na majibu ya ndugu mnayajua yalivyo. Mjomba Ngwali wa mashariki akasema, "Kwa nini isiwe kwangu? Kwangu migunga imejaa majani." Mama mdogo Mwanahawa wa kule mashambani akasema, "Nitakuja, lakini nisisimamishwe karibu na Ngwali." Zamda akambembeleza huyu, akamnyenyekea yule, mpaka wote wakakubali.

Kisha akagawa kazi. Wa kupokea wageni, huyu. Wa kulinda migunga isiliwe kabla ya shughuli, yule. Wa kuimbisha nyimbo za ukoo, mjomba, ili anyamaze mengine. Wa kuzuia vilembwe wasikimbilie barabara ya magari, mama mdogo. Kila shingo ilipata kazi yake.

Mama yake akamsikiliza weee, mpaka mwisho. Akauliza, "Na wa kumsimamia mama mtoni?"

Zamda akacheka. "Mama, tutakuwa ukoo mzima. Atakosekana mtu?"

Mama yake naye aliona ni kweli, maana neno lile lilifanana na kweli.

Mvua zikaja, zikakatika. Siku ikafika. Wakatoka, bibi mbele, kop, kop, kop, mwendo wa kizee. Akichoka wanasimama. Akitweta wanasubiri. Njia nzima alikuwa akiwasimulia maji ya Lambwa. Jinsi yalivyo baridi hata mchana. Jinsi mama yake alivyosimama ukingoni akamwambia, "Nipo. Kunywa," naye mtoto wa juzi, miguu ikimpishana. Zamda akaitikia, "Ndiyo, bibi. Eeh, bibi." Lakini moyoni alikuwa anapanga nani asimame wapi.

Wakafika kilimani. Kumbe wote wamekuja! Mjomba na wake zake. Mama mdogo na watoto wake. Wajukuu wasiojuana majina. Vitukuu wanaoulizana, "Wewe ni wa nani?" Kilembwe mmoja hata kitovu hakijakauka vizuri. Bibi Semeni akawatazama mmoja mmoja, akawanusa vichwani mmoja mmoja. Akalia kidogo, machozi ya furaha. Zamda akaona kazi yake imekubalika, akavimba kichwa, na hapo sitamlaumu.

Wakala. Wakaimba. Jua likaanza kuteremka upande wa barabara.

"Zamda," bibi akasema, "nayaona maji yale."

"Subiri kidogo, bibi. Tupange mstari kwanza."

Maana Zamda alikuwa na jambo lake. Alitaka ukoo mzima usimame mgongoni mwa kilima, shingo kwa shingo, vizazi vyote, hifadhi nzima itazame. Nyumbu waseme. Nyani waseme. Hata watalii wasimamishe magari yao. Akapanga. "Mrefu nyuma, mfupi mbele. Mjomba, sogea. Mama mdogo, si karibu na mjomba, najua, simama huku. Wewe mtoto, acha kutafuna." Akapangua, akapanga tena.

"Zamda," bibi akasema tena, "koo langu."

"Bibi yangu, tangulia basi. Mto ni hapo tu nyuma yetu. Watu wote hawa, utakosa wa kukusimamia?"

Bibi Semeni akageuka, akateremka kilima peke yake. Kop. Kop. Kop.

Zamda akasema, "Sasa! Wote tazameni barabarani. Shingo zisigeuke mpaka niseme!"

Magari yakasimama. Watalii wakatoa vichwa juu, kacha, kacha, kacha, wakapiga picha zao. Mstari ulipendeza, tusiseme uongo. Shingo zilipangana kilima kizima, na zote ziliupa mto mgongo.

Hapo ikasikika sauti, kwa chini, kutoka mtoni.

"Nani yupo?"

Zamda alisikia. Alisikia vizuri. Akasema moyoni, ukoo mzima uko hapa, mmoja ataitikia. Akaendelea kutazama mstari wake.

"Nani yupo?"

Kimya jii. Upepo tu majanini.

Sauti ikaja ya mwisho, ndogo, ya mtu asiyetaka kusumbua wenzake. "Jamani, nani yupo?"

Kacha, kacha, kacha.

Mstari ulipovunjika, Bibi Semeni alikuwa amesharudi, amesimama chini ya mgunga. Zamda akamjia anahema kwa furaha.

"Bibi, umeuona ukoo wako? Umekunywa?"

Bibi akamtazama mjukuu wake aliyemlea. Akaona furaha ile usoni.

"Nimefika mtoni, mjukuu wangu," akasema. "Nimeyaona maji. Umefanya kazi kubwa."

Zamda akaridhika. Akakimbia kuanzisha wimbo mwingine.

Asubuhi ukoo ukaanza kuagana. Kwaheri, kwaheri, salamu kwa fulani. Bibi Semeni hakuamka. Alikuwa amelala chini ya mgunga, shingo imenyooka ardhini, naye twiga mzee akilaza shingo ardhini, basi.

Mama yake Zamda akapiga magoti amfute uso mama yake. Akafuta mara moja, akasita. Akasema, "Zamda, njoo uone."

Mdomo wa bibi ulikuwa na vumbi. Vumbi jekundu la safari, la nyanda kavu za magharibi, limeganda mpaka kwenye nywele za kidevu. Na anayeingiza mdomo mtoni harudi na vumbi kidevuni.

Zamda akashuka mbio mpaka mtoni. Ukingoni akaona alama. Kwato za mbele zimepanuliwa, huu huku, huu kule. Mbele kidogo, zimepanuliwa tena. Na tena, karibu kabisa na maji. Kiboko alikuwa majini, macho na masikio tu juu.

"Mzee Kiboko, shikamoo. Bibi yangu alikunywa hapa jana?"

"Marahaba. Hakunywa," kiboko akasema. "Alipanua miguu, akauliza nani yupo. Akangoja. Akasogea, akauliza tena. Ningemwitikia mimi, lakini mila ni yenu, mimi si damu yake. Nikatazama juu, nikaona mmejaa kilima kizima. Nikasema, hawa wote, hatakosa mmoja."

Zamda akapanda kilima. Miguu mizito. Akamuuliza mjomba, "Jana ulisikia bibi akiita?"

"Nilisikia," mjomba akasema. "Nikadhani mama yako mdogo ataitikia."

Akamuuliza mama mdogo.

"Nilisikia. Nikadhani wajukuu wataitikia. Si ndio wanaomlea?"

Akawauliza wajukuu. Wakadhani vitukuu. Akawauliza vitukuu. Wakadhani wakubwa. Kila aliyeulizwa alisikia, na kila aliyesikia alidhani.

Akamwangalia mama yake. Mama yake alikuwa bado amekaa ardhini penye kichwa cha bibi.

"Nami nilisikia," mama yake akasema. "Nikataka kugeuka. Ukasema shingo zisigeuke."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ndiye yule aliyesimama pale. Alikumbuka njia nzima bibi akisimulia maji, na yeye akisema ndiyo, bibi, eeh, bibi. Alikumbuka "mmoja anatosha". Mmoja huyo alikuwa yeye. Hakuhitaji shashi wala kilima. Angetoka na bibi yake siku ileile aliyoambiwa, wakaenda wawili tu, akasimama ukingoni, akasema maneno mawili.

Akalia. Ukoo wote ukalia. Kisha Zamda akateremka mtoni, na wote wakamfuata bila kupangwa. Wakasimama ukingoni wakiwa wima, wakitazama huku na kule, kama mila inavyotaka. Zamda akasema, "Nipo, bibi. Kunywa."

Mjomba akasema, "Nipo, mama. Kunywa." Mama mdogo akasema, "Nipo." Wajukuu, "Nipo." Vitukuu, "Nipo." Hata kilembwe wa juzi, "Nipo." Sauti zikajaa bonde zima. Nipo, nipo, nipo, nipo.

Na hakuna aliyekuwa anauliza.

Wakaita mpaka sauti zikakauka. Zikakauka moja moja, na ya Zamda ikawa ya mwisho. Walipofumbua midomo waagane, hakikutoka kitu. Wakaagana kwa kugusana shingo, wakaenda zao.

Ndiyo maana mpaka leo hamjamsikia twiga akisema. Wataalamu wa hifadhi watawaambia mengine, wasikilizeni pia, wana vitabu vyao. Mimi nawaambia nilivyoambiwa. Na ndiyo maana mkienda mtoni mtamwona twiga amesimama tu, hanywi, hali, anatazama huku na kule. Pundamilia wanakunywa miguuni pake, swala wanakunywa, hana udugu nao. Huyo ni wa ukoo wa Zamda. Hawezi tena kusema nipo, basi anasimama.

Sasa mafunzo, msije mkasema sikuyatoa. Mzee wako akikuita, itikia wewe. Usihesabu waliopo. Aliye na watoto wengi anaweza kufa na kiu, kila mmoja akimtegea mwenzake. Na shughuli kubwa ya baadaye haimfai aliyekuomba kitu kidogo leo.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye ukingo wa Lambwa. Aliye na bibi nyumbani, asiningoje nikunje mkeka. Aende akamuulize kama amekunywa maji.