Sange na Pilipili za Makaa

Hapo zamani za kale, wanangu, pua zilikuwa na kazi mahakamani. Wawili wakigombania kitu, waliwekwa mbele ya jiko la makaa, kila mmoja aape. Atakayepiga chafya akiapa, huyo ndiye mwongo. Basi! Hakuna rufaa.

Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mrija, alikuwa na shamba la mihogo kando ya mto. Wanawe walikula humo, hawakuwa na pengine. Siku moja Tembo akaja, puu! puu! akajibwaga katikati ya mihogo.

"Shamba langu hili."

"Lako tangu lini, Bwana Tembo?"

"Tangu nilipoketi."

Kesi ikaenda kwa hakimu, Bibi Kanga, yule ndege wa madoadoa. Sange akarudi nyumbani akijipiga kifua, kifua chenyewe kidogo kama tunda la kunazi.

"Mke wangu, umeolewa na bingwa! Nitaficha pilipili kichaa kwenye makaa."

"Halafu?"

"Ndani ya pua mna mishipa midogo ya fahamu, walinzi wale! Moshi wa pilipili ukiwagusa wanapiga kelele, 'Moto! Moto!' na moto wenyewe haupo. Hapo kamasi chururu, machozi chururu, chafya hiyo! Sasa mkonga wa Tembo una walinzi wangapi? Jeshi zima!"

Mkewe akamtazama pua. "Na yako, baba watoto?"

"Yangu nitaiziba kwa ugali."

"Haya, bingwa."

Siku ya kesi Sange akawahi, akazifukia pilipili zake kwenye makaa ya jiko la mahakama. Wanyama wakajaa. Tembo akainama.

"Naapa shamba hili ni la... ha... haa..." CHYAAAA! Majivu yakaruka, Nyani akapinduka na kigoda chake.

"Mwongo huyo!" wanyama wakapaza sauti.

Tembo akatimua mbio mtoni kuosha mkonga. Sange akasogea, amevimba kwa majivuno.

"Daapa shaba hili di lagu!"

"Unasemaje?" akauliza Bibi Kanga. "Una nini puani? Hebu toa, tukusikie."

Maskini bingwa! Alikuwa amepiga hesabu zote za pua ya Tembo, asikumbuke kuwa aliyeziba pua haapi akaeleweka. Akauchomoa ugali.

"Naapa shamba hili ni la... la... chi! Chi! Chi-chi-chi!" Akaanguka chali, machozi yakimtiririka hadi masikioni. Msicheke, wanangu. Haya, chekeni.

"Lahaula! Wote waongo," akasema Bibi Kanga. Akafukua makaa kwa ukucha, para para, akaiona pilipili. Ko! Akaidonoa, akaimeza, wala hakupepesa jicho. Ndege, wanangu, walinzi wao hawaijui pilipili.

"Tamu," akasema. Kisha akanyoosha shingo. "Naapa shamba hili ni la Kanga."

Wanyama wakangoja. Chafya haikuja. Hata kamasi halikutoka.

Sheria ni sheria. Sange akarudi nyumbani akiburuta jembe lake. Watoto walikuwa wamekaa mlangoni wakingoja mihogo. Aliona aibu, akawapita ameinamisha kichwa.

"Bingwa," mkewe akauliza, "walinzi wa Kanga uliwahesabu?"

Sange akafungua kinywa ajibu.

Chi!

Ndiyo maana mpaka leo Kanga anadonoa pilipili za watu bila wasiwasi, na pua ya Sange haitulii. Nami nimefika mwisho, nifute yangu.

Ukimchomea mwenzio pilipili, kumbuka na wewe una pua.