Goti la Katekista Gaudensi

"Goti halina sikio, lina jicho." Leo mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo mkwewe, aliyekuwa akiwanyamazisha watoto kanisani huku mwenyewe akichezea simu. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza goti litaonaje. Kaeni basi. Methali hii ilizaliwa hapa hapa kigangoni kwetu, na aliyeizaa alikuwa mtu mwenye haya kuliko ninyi nyote.

Gaudensi Ndunguru alikuwa katekista wetu. Padri alifika mara moja kila miezi mitatu. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa mikononi mwa Gaudensi. Ndiye aliyewaandaa watoto kwa Komunyo ya Kwanza, na kazi hiyo aliipenda kuliko hata mibuni yake. Watoto wake walizijua sakramenti saba kama walivyojua majina ya mbuzi wa nyumbani.

Mwaka ule aliteleza shambani, kwenye ngolo, yale mashimo tunayolimia milimani, goti la kulia likavimba na halikupona sawasawa. Hakumwambia mtu. Alichelea wazee wa kigango wasije wakasema apumzike, atafutwe kijana. Basi kila alipopita mbele ya tabernakulo, kile kisanduku kinachotunza Ekaristi, alishika benchi, akainama kidogo upande, akaguna, "Mmh, Yesu wangu," akainuka. Halafu aliwageukia watoto. "Goti la kulia liguse sakafu. Mmesikia?"

"Tumesikia, Mwalimu," walijibu wote kumi na wanne.

Jumamosi moja Padri Kinunda alifika kuwapima. Aliwauliza maswali, wakajibu bila kujikwaa. Gaudensi alisimama kando, moyo umemjaa furaha. Kisha padri akawaambia wapite mmoja mmoja mbele ya tabernakulo, wapige goti, wakakae.

Wa kwanza alikuwa Oresta, binti wa miaka tisa. Alishika benchi, akainama upande, akaguna, "Mmh, Yesu wangu," akapita. Wa pili vivyo hivyo. Na wa tatu. Walifanya kwa makini kabisa, bila kutabasamu, vizee vidogo vyenye magoti mabovu.

Kwa wa tano, padri alikumbuka alivyomwona Gaudensi akiinama na kuguna pale pale asubuhi, akainua mkono. "Inatosha. Mnamdhihaki mwalimu wenu mbele ya Ekaristi? Hawa hawajawa tayari. Kesho hawatapokea."

Magauni meupe yalikwisha kushonwa, na kuku wa sherehe walikwisha kufungwa kamba. Oresta alianza kulia. "Shikamoo, Padri," alisema, maana hakujua aanzie wapi. "Hatumdhihaki Mwalimu. Kupiga goti si ndiyo hivyo? Hata kuguna tumejifunza."

Gaudensi alijua kwamba akinyamaza, lawama itabaki kwa watoto na darasa litabaki kwake. Aliona aibu, na aliwahurumia sana.

"Padri, hawa hawana kosa," alisema. "Goti langu ni bovu tangu masika. Nilificha nisije nikanyang'anywa darasa. Nimewaambia mara mia liguse sakafu, na langu halijagusa hata mara moja."

"Pole, Mwalimu. Ungesema tu."

Gaudensi aligeukia tabernakulo. Aliliachia benchi, akashuka polepole mpaka mfupa ukagonga saruji. Machozi yalimtoka. Nyuma yake akasikia magoti yakishuka, moja, mawili, mengi, na alipogeuka watoto wote walikuwa chini, magoti yao sakafuni. Kuinuka hakuweza, Oresta na mwenzake ndio waliomshika makwapani.

Jumapili walipokea wote. Baada ya misa wazee walimwuliza imekuwaje watoto wakosee jambo waliloambiwa mara mia. Gaudensi akasema, "Goti halina sikio, lina jicho." Hakuna mzee aliyesema atafutwe kijana. Walimpa kigoda cha kukalia darasani, na toka siku hiyo aliwaambia watoto wapya, "Langu ni bovu. Mtazameni Oresta."

Oresta huyo ndiye shangazi yenu. Goti lake ni zima mpaka leo, na hufika sakafuni kila mara. Lakini Jumapili ijayo sogeeni karibu naye mtege masikio. Akishuka tu, mtamsikia akiguna, "Mmh, Yesu wangu," na wala hajui kama anaguna.

Goti halina sikio, lina jicho.