Tangazo la Ghala la Pili

"Andika kwa atakayesoma, si kwa atakayesifu."

Nimewasikia tangu asubuhi mkirushiana maneno hayo na kuicheka ripoti ya mwenzenu, na sasa mnaniuliza kama yametoka kitabuni. Wanangu, hayakutoka kitabuni. Yalitoka kwenye maghala ya mahindi ya huku kwetu nyanda za juu, nilikokuwa mpima mizani kabla sijastaafu, na yalizaliwa msibani. Wekeni simu chini kidogo niwaeleze chanzo chake.

Pale ghalani palikuwa na mpiga dawa mmoja, Mzee Ngailo. Kazi yake ilikuwa kuweka vidonge vya kuua wadudu katikati ya magunia, kuyafunika magunia kwa turubai na kufunga mlango. Vidonge vile vikipata hewa hutoa gesi, na gesi ile haichagui kati ya dumuzi na binadamu. Mzee Ngailo hakuwahi kuandika tangazo. Aliketi mlangoni juu ya gunia tupu, na kila aliyesogea alimwambia, "Rudi. Humo mna kifo." Mtu alirudi.

Alipostaafu, kampuni ikaanza kuwakodi wapiga dawa kutoka mjini. Hao waliweka dawa yao, wakapanda gari, wakaondoka. Ikabidi pawe na tangazo mlangoni badala ya mzee, na kazi ya kuliandika akapewa Atuganile.

Atuganile alikuwa karani wa ghala, binti mchapakazi, mwenye mwandiko mzuri na haya nyingi. Zamani aliandika kama anavyosema. Siku moja meneja wetu, Bwana Mligo, aliichukua ripoti yake na kuisoma kwa sauti mbele ya wageni wa makao makuu: "Paa linavuja. Panya wametoboa magunia. Tunaomba mabati." Akaiweka mezani na kuuliza, "Hii ni ripoti, au ni salamu kwa shangazi?"

Watu wakacheka. Atuganile naye akacheka, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Baadaye nilimkuta nyuma ya mizani akijifuta macho kwa kanga.

"Nitajifunza, mama," akaniambia. "Hawatanicheka tena."

Na kweli alijifunza. Mtandaoni kuna masomo ya bure ya kuandika mambo ya kazini: ripoti, taarifa, maelekezo ya mitambo, matangazo ya hatari. Alinunua bando kwa kujinyima chai. Wakati wa chakula alikaa kwenye ngazi ya ofisi, simu mkononi, akisoma na kunakili. Masomo mengi yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo aliyabonyeza simu ikamtafsiria. Mimi nilimwonea fahari, sitaficha. Mtoto wa mkulima, bila ada wala mwalimu, anajisomesha juu ya ngazi!

Somo la kwanza kabisa lilikuwa fupi. Lilimtaka mwanafunzi ajibu maswali mawili kabla hajashika kalamu: nani atakayesoma, na akishasoma afanye nini? Chini yake palikuwa na zoezi la kwenda kwa msomaji mmoja na kumpa asome ulichoandika. Atuganile alinionyesha akitabasamu.

"Haya ni ya watoto," akasema. "Mimi nataka lugha ya ofisi."

Akaliruka. Akaenda kwenye vielelezo vya barua na matangazo, vile ambavyo unabadilisha jina tu na tarehe. Akajaza, akatafsiri, akapamba. Akapata vyeti, akavichapisha. Bwana Mligo akaanza kumwita "mwandishi wetu". Katika mkutano mwingine aliisoma tena kazi yake mbele ya wageni, na safari hii wageni walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mtandao haukumdanganya, wanangu. Lile alilolihitaji lilikuwemo, tena mlangoni kabisa. Yeye alilipita.

Ghala la pili lilipopigwa dawa, jioni sisi wa nje tukiwa tumeshaondoka, Atuganile aliandika tangazo, meneja akaligonga muhuri, likabandikwa. Lilisomeka hivi: "Tangazo kwa wadau wote. Ili kuhakikisha ubora wa shehena inayotarajiwa kutolewa ghalani, uongozi unapenda kuwataarifu kuwa zoezi la ufukizaji limetekelezwa kwa mujibu wa taratibu. Aidha, wahusika wanashauriwa kuzingatia kipindi cha uingizwaji hewa kabla ya kurejelewa kwa shughuli za kawaida, ili kuepusha athari zinazoweza kujitokeza."

Basi. Neno sumu halikuwemo.

Kesho yake likaja lori kuchukua mahindi, limewahi kabla ya siku yake. Ofisini wote walikuwa kwenye kikao na wageni, na Atuganile alikuwa humo akiwaonyesha nyaraka zake mpya. Aliyekuwa nje ni Kastori Sanga, mnyapara wa makuli, mwenye funguo za maghala yote. Kastori alikuwa mtu mpole, baba wa watoto wadogo, na alisoma kwa kufuata maneno kwa kidole. Alisimama mlangoni na mwenzake Menasi. Nami nilikuwa kwenye mizani, nikiwaona kwa mbali wakinyoosha shingo kwenye ile karatasi. Nilidhani wanasubiri mtu wa ofisini. Waliyosema nilikuja kuyajua kwa Menasi.

"Wanasemaje, kaka?" Menasi aliuliza.

"Subiri." Kidole kikatambaa. "Ili kuhakikisha ubora wa shehena… inayotarajiwa kutolewa ghalani… Shehena si ndiyo mzigo?"

"Ndiyo."

"Basi utolewe. Uongozi umetaarifu, na muhuri huu hapa."

"Na huko chini?"

"Zoezi la ufu… ufukizaji limetekelezwa. Nadhani wamefagia." Dereva akapiga honi. Kastori akasema, "Ingekuwa dawa wangetuambia dawa. Tuingie."

Hapo ghalani hakuna aliyewahi kusema ufukizaji. Sote tulisema kupiga dawa.

Kastori alifungua, akaingia mbele, akashika pembe ya turubai na kulivuta. Menasi alibaki karibu na mlango akifunga gunia kichwani. Anasema ilitoka harufu kama ya kitunguu saumu, kisha akamsikia Kastori akikohoa. Akamwita. Kastori akaja kwa miguu yake mpaka nje, akakaa chini, akasema kifua kinambana. Alitapika. Tulimpakia kwenye lile lile lori lililokuja kuchukua mahindi. Atuganile alitoka kikaoni kwa kelele zetu, akamwona, akautazama mlango ulio wazi. Aliingia nyuma ya lori, akampakata kichwa.

Gesi ile haina dawa ya kuitoa mwilini. Daktari alituambia wazi. Kastori alikufa kabla mkewe Odilia hajafika kutoka shambani. Menasi, aliyeivuta kidogo pale mlangoni, alipona, lakini mpaka leo akipanda kilima anasimama kupumua.

Baada ya mazishi ikaja tume ya kampuni, watu watatu wenye suti. Walikaa kwenye chumba cha mikutano, Odilia akaketi kona na nguo zake nyeusi, sisi wafanyakazi tukasimama ukutani. Mwenyekiti alilisoma tangazo kimoyomoyo, akalipitisha kwa wenzake.

"Tangazo lilikuwepo," alisema. "Tena limeandikwa kwa ustadi mkubwa. Nani aliliandika?"

"Ni karani wetu, Atuganile," Bwana Mligo akajibu upesi. "Amejisomesha mwenyewe mtandaoni."

"Hongera sana, binti. Kwa hiyo kampuni ilitimiza wajibu wake. Marehemu alikaidi maelekezo."

Nikamsikia Odilia akivuta pumzi. Mumewe alikuwa ameshazikwa, na sasa jina lake nalo linazikwa. Watoto wake wangeambiwa shuleni kwamba baba yao aliuawa na ukaidi.

Atuganile akasimama.

"Naomba Menasi alisome," akasema.

"Kwani kuna haja?" Bwana Mligo akamkazia macho.

"Alisome kwa sauti, mzee. Mara moja tu."

Wakampa. Menasi alisoma kwa shida, akikohoa, akikwama kwenye maneno na kurudia. Hakuna aliyemsaidia. Alipofika mwisho alikuwa anatoka jasho.

"Linasema nini?" Atuganile akamuuliza.

Menasi akaangalia karatasi, akatuangalia sisi. "Linasema mzigo utolewe, dada. Mengine sijayaelewa."

Atuganile akawageukia wale watatu. "Hakukaidi. Alitii alichokisoma. Nilipokuwa naandika, niliyekuwa namwona mbele yangu ni meneja. Nilitaka anisifu, na amenisifu. Ninyi pia mmenisifu sasa hivi, na Kastori yuko kaburini."

"Kaa chini, binti," Bwana Mligo alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Msidhani mambo yaligeuka. Tume ililifuta neno ukaidi kwenye taarifa yake, na mahali pake haikuandika lolote. Bwana Mligo alihamishiwa kituo kingine. Atuganile alipewa barua ya kuachishwa kazi, akapewa muda wa kukabidhi ofisi.

Muda huo aliutumia kulirudia somo lile la kwanza aliloliruka. Alikaa na makuli kwenye kivuli cha ghala, akaandika, akawapa wasome, wakamwambia hapa hatuelewi, akafuta. Aliwauliza wao wanaiitaje dawa, wanaiogopa kwa jina gani. Hakuna aliyemtukana, na nadhani hilo lilimuumiza zaidi. Walipomaliza, tangazo lilikuwa mistari mitatu. Aliomba nimsindikize kwa Odilia.

Tulimkuta anapukuchua mahindi. Hakutukaribisha ndani, alituonyesha mkeka tu. Atuganile alipiga magoti.

"Shikamoo, mama. Sikuja kuomba nisamehewe. Nimekuja unisomee hiki, halafu nitaondoka."

"Mimi niliishia darasa la tatu," Odilia akasema.

"Ndiyo maana nimekuja kwako, mama."

Odilia akajifuta mikono, akaipokea karatasi. Akasoma kwa sauti, polepole, bila kukwama hata mara moja:

"Humu mna sumu. Usiingie. Ukiingia utakufa."

Akasoma tena, midomo ikitembea bila sauti. Kisha akainua uso, na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Hivi tu?" akauliza. "Maneno haya tu ndiyo aliyoyakosa mume wangu?"

Atuganile akainamisha kichwa.

"Lile la kwanza uliwaandikia wenye kusifu, mwanangu. Wanaosoma mlangoni ni sisi." Akamrudishia karatasi. "Nenda kaibandike. Usirudi hapa."

Akaendelea kupukuchua. Tulitoka bila kuagana. Atuganile akarudi moja kwa moja ghalani. Aliibandika karatasi mwenyewe, akaondoka huku kwetu, na sijamwona tena. Nimesikia kwamba anafundisha watu kuandika maelekezo ya kazi, na kwamba hamruhusu mwanafunzi kuvuka somo la kwanza. Kama ni kweli sijui.

Niliwasimulia makuli maneno ya Odilia, nao wakayafupisha na kuyafanya yao. Karani mpya alipobandika kitu wasichokielewa, walimfuata na kumwambia. Maneno yakatoka ghalani yakaenda sokoni, yakaenda mashuleni, yakafika kwenu mnaoyachekea leo. Yachekeeni, si vibaya. Lakini kesho mtakapofungua hayo masomo yenu ya mtandaoni, na mkashawishika kuandika ili bosi atikise kichwa, mfikirieni mtu aliyesimama mlangoni na kidole chake juu ya karatasi, dereva anapiga honi, na hakuna mwingine wa kumuuliza.

Andika kwa atakayesoma, si kwa atakayesifu.