Korongo na Chungu cha Miguu Thelathini

Paukwa!

Pakawa!

Ndiyo sauti gani hiyo? Mmeitika kama watu waliolala na njaa. Sogeeni, nyosheni miguu karibu na moto, maana hadithi ya leo ni ya miguu. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nimewasikia.

Hapo zamani za kale, juu milimani, palikuwa na nchi iliyoitwa Kipupweni. Huko baridi ilikuwa baridi kweli kweli. Alfajiri sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, ilitanda juu ya majani, nyeupe kama chumvi iliyomwagika, na aliyeikanyaga miguu mitupu alijuta.

Katika nchi hiyo, ndani ya kinamasi, waliishi makorongo. Walikuwa watu wa peke yao. Walikula pamoja, walicheza pamoja, wala hawakuwasalimu wale walioishi nchi kavu. Kila mwaka sakitu ilipokaribia, waliruka wote kwenda nchi ya joto.

Mwaka huo makorongo walianza kujiandaa. Mzee Korongo alijaribu mabawa yake. Akaruka mara ya kwanza, akaanguka. Akaruka mara ya pili, akaanguka. Mara ya tatu hakuruka. Alikaa chini, akamwambia mkewe, "Wewe nenda na wenzako. Mimi nitabaki hapa hapa."

"Ubaki na nani?"

"Na vyura."

Bi Korongo alikasirika, na alikasirika kwa sababu alimpenda. "Tunakwenda wawili au tunabaki wawili," akasema. "Basi tunabaki."

Lakini kulikuwa na jambo. Korongo hula akiwa amesimama majini, na miguu ya Mzee ilikuwa imepasuka nyufa. Katika maji ya sakitu asingeweza kusimama hata kidogo. Asiposimama asingekula, na asipokula angekufa. Mambo yalikuwa hivyo tu, na wote wawili walijua.

Sasa, ng'ambo ya kinamasi aliishi mfumaji mmoja, binadamu, jina lake Mama Sikudhani. Alifuma soksi za sufu. Hakuwa na soksi za kuning'iniza mlangoni; kila mguu aliupima kwa kamba, akaufumia soksi yake. Kisha soksi alizitumbukiza katika chungu cha rangi iliyochemshwa pamoja na nta ya nyuki, na soksi iliyoiva humo, maji hayakupita.

Bi Korongo akaenda. "Hodi!"

"Karibu."

"Shikamoo, Mama Sikudhani."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Nataka soksi za mume wangu. Mbili tu. Ziwe nyekundu, kama miguu yake ilivyokuwa tulipokuwa vijana. Nimeshamwahidi."

Mama Sikudhani hakuacha kufuma. "Kwangu ni chungu kimoja, rangi moja, miguu thelathini."

"Mume wangu ana miguu miwili."

"Najua. Nimewahi kuona korongo."

Bi Korongo aliondoka amevimba. Alipofika nyumbani aligombeza matete, akagombeza vyura, akamgombeza hata mumewe aliyekuwa hajafanya lolote. "Ana maringo yule mama! Ameniona mimi mtu wa miguu miwili, akanidharau."

"Ulimuuliza kwa nini thelathini?" Mzee akasema.

"Nimuulize nini? Dharau nayo inaulizwa?"

Siku ya pili akarudi. Safari hii alibeba kambare watatu wanono. Akawaweka mlangoni, akasema kwa sauti laini, "Mama, chukua hawa. Nifumie mbili tu."

Mama Sikudhani aliwatazama wale kambare. Aliwatamani, msidhani hakuwatamani. Akameza mate, akasema, "Chungu kimoja, rangi moja, miguu thelathini."

"Basi nifumie thelathini!" Bi Korongo akapiga kelele. "Zote za mume wangu! Nitalipa maisha yangu yote!"

Hapo mfumaji akaweka sindano chini. "Akishavaa mbili, nawe ukavaa mbili, hizo ishirini na sita utamvisha nani? Kuna mwingine mwenye mguu kama ule, anayebaki hapa sakitu ikishuka?"

Hakuwapo. Bi Korongo alilia. Alilia mpaka machozi yakaisha, na alipokosa la kufanya, akauliza lile alilopaswa kuuliza jana.

"Kwani hiyo thelathini ni ya nini?"

"Ndiyo kwanza unauliza," akasema Mama Sikudhani. "Njoo."

Akampeleka uani. Huko palikuwa na chungu kikubwa, mtu angeweza kuogea ndani yake. "Magome ya rangi natwanga siku mbili," akasema. "Nta naifuata mlimani, nyuki wananiuma. Kuni mizigo mitatu. Kikishachemka, kesho yake rangi imeganda, haifai tena. Nikichemsha kizima kwa soksi mbili, nitamwaga iliyobaki, na nta ya mwaka imekwisha. Nikichemsha kidogo, inaungua, na soksi yako itanywa maji. Kwa miguu thelathini chungu hakinitii hasara. Chini ya hapo, kinanila mimi."

Bi Korongo alichungulia ndani ya chungu. Aliona aibu. "Kumbe hukunidharau."

"Nikudharau kwa lipi?"

"Na hiyo miguu, ni lazima iwe ya korongo?"

"Chungu hakijui mguu wa nani. Uwe mrefu, uwe mfupi, uwe na kwato, mimi napima. Kila mwenye mguu atalipa kibaba chake cha mtama. Wewe niletee miguu."

Basi Bi Korongo, ambaye maisha yake yote hakuwahi kubisha mlango wa mtu wa nchi kavu, akaanza kubisha. Alianzia kwa Mama Mbuzi.

"Hodi hapa!"

"Makubwa!" Mama Mbuzi akasema. "Leo korongo anapiga hodi kwangu? Umepotea njia?"

"Sikupotea, dada. Natafuta miguu."

Alimweleza yote, bila kuficha kitu. Mama Mbuzi aliwatazama wanawe wawili waliokuwa wakitetemeka pembeni ya zizi. Akasema, "Tuhesabu. Sisi tuna kumi na miwili."

Akaenda kwa Kanga, akapata miwili. Akaenda kwa Babu Kobe, akapata minne. Akaenda kwa Sungura, akapata minne. Akaenda kwa Nungunungu, aliyefungua mlango miiba imesimama, akapata minne. Ukiweka na miwili ya Mzee, na miwili ya Bi Korongo mwenyewe, inakuwa mingapi? Hesabuni. Wewe uliyejikunja pale nyuma, inakuwa mingapi?

Thelathini!

Naam, thelathini kamili. Siku ya tatu Bi Korongo alifika kwa Mama Sikudhani akiwa na furaha, shingo juu. "Miguu thelathini hiyo hapo!"

"Vizuri. Rangi?"

"Mume wangu nyekundu. Mama Mbuzi na wanawe nyeusi. Kanga njano. Sungura na Nungunungu kijani. Mimi na Babu Kobe hatujali."

Mama Sikudhani alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama yangu! Hivyo ni vyungu vinne. Vyungu vinne ni miguu mia na ishirini. Umesahau? Chungu kimoja, rangi moja, miguu thelathini. Nendeni mkaelewane, na mfanye haraka. Siku tano tu, sakitu inashuka."

Wakakutana ukingoni mwa kinamasi mchana ule ule. Nikwambieni, ilikuwa vurugu.

"Nyeusi!" alisema Mama Mbuzi. "Wanangu wanakanyaga kila uchafu."

"Njano!" alisema Kanga. "Nimevaa madoa tangu nizaliwe, niacheni nami nipendeze!"

"Kijani!" alisema Sungura, na Nungunungu akatingisha miiba kumuunga mkono.

"Nyekundu!" Bi Korongo akawapita wote kwa sauti. "Nani aliyewakusanya? Mimi! Nyekundu!"

Kisha Sungura akasema taratibu, "Shangazi, na Chui akipita? Miguu minne myekundu ikikimbia porini, hapo sijavaa soksi. Hapo nimemwita."

Wakacheka, ila Bi Korongo hakucheka. Aliona wazi kwamba akiing'ang'ania nyekundu, Mama Mbuzi ataing'ang'ania nyeusi, Kanga ataing'ang'ania njano, na siku tano zitaisha wakiwa pale pale, na Mzee hana kitu mguuni.

"Naiacha nyekundu," akasema. "Inaniuma, sitawadanganya. Lakini naiacha."

Mama Mbuzi akamtazama. "Basi na mimi naiacha nyeusi."

"Kijani tunaiacha," wakasema Sungura na Nungunungu.

Kanga alinuna, akazunguka, akanuna tena. "Haya! Njano nayo iende!"

"Sasa tumebaki na nini?" Bi Korongo akauliza.

Babu Kobe, ambaye hakuwa amesema neno, akatoa kichwa. "Rangi ya tope. Kila mmoja wetu anakanyaga tope."

Hakuna aliyeifurahia, na hakuna aliyeikataa. Mama Sikudhani akapima miguu thelathini kwa kamba yake, akafuma, akawasha chungu. Siku ya mwisho ya zile tano makorongo wengine wakaruka kwa kelele nyingi, wakazunguka kinamasi mara tatu kuaga, wakaenda zao. Jioni hiyo soksi zikafika.

Bi Korongo akaziweka mbele ya mumewe. "Nilikuahidi nyekundu," akasema. "Nimekuletea za tope. Nisamehe."

Mzee alizivaa moja moja, polepole, kwa sababu nyufa zilimuuma.

Asubuhi sakitu ikashuka, ya kwanza mwaka ule. Mzee Korongo akatia mguu mmoja majini. Akangoja. Akatia wa pili. Akasimama. Maji hayakupita. Akainamisha shingo, akanasa samaki, akammeza, na mkewe aliyekuwa amebana pumzi muda wote akapumua.

Ndipo wakasikia, "Hodi kinamasini! Mmeamkaje?" Alikuwa Mama Mbuzi na wanawe, wakiruka ruka juu ya majani meupe. Nyuma yake Kanga, akijitazama miguu. Nyuma yake Sungura na Nungunungu. Mwisho kabisa Babu Kobe, ambaye miaka yote sakitu ilimkuta amejifungia ndani. Wote miguu ya tope. Wakakaa ukingoni, wakaanza maneno, na kila mmoja alitaka kujua Mzee amelalaje.

Mzee akamwambia mkewe kwa sauti ndogo, "Wewe si ulikwenda kutafuta soksi mbili?"

"Ndiyo."

"Mbona umerudi na kijiji?"

"Chungu kilikuwa kikubwa," akajibu Bi Korongo.

Hadithi yangu imefika hapo, na hapo ndipo inaishia. Anayesikia baridi aongeze kuni.