Maradhi ya Mize

Bi Kirembo, mganga mkuu wa Mlima Upepo, alichoshwa na wanagenzi wake wawili, Mize na Raya, wanawake vijana walioshindana hata kuchemsha maji.

"Leo kila mmoja amroge mwenzake," alisema. "Atakayerogeka ataondoka kilingeni kwangu."

Raya, aliyekuwa hodari zaidi, alianza. Alichagua uchawi wa mapenzi ili amwaibishe Mize. Alipompulizia tu moshi wa ubani, Mize akamshika mkono na kugoma kuuachia.

"Nimerogeka," alisema. "Raya, macho hayo ulikuwa umeyaficha wapi?"

"Funga mizigo," alisema Bi Kirembo.

"Nitafunga, bibi. Lakini mwiko wako mwenyewe unasema mgonjwa haondoki kilingeni kabla hajapona."

Bi Kirembo alimgeukia Raya. "Umemroga wewe, mtibu wewe."

Raya alimfukiza, akamnywesha mizizi michungu. Kila asubuhi Mize aliamka hali yake mbaya zaidi. Raya naye akaacha kununa, akaanza kutia asali kwenye dawa.

Siku moja, akimkanda bega, aliona hirizi kuukuu ya kinga.

"Hii haipitwi na uchawi wowote," alisema polepole. "Kumbe wangu haukukupata."

"Haukunipata."

"Na maradhi haya je?"

"Nilikuwa nayo kabla ya shindano."

Bi Kirembo aliita kutoka uani, "Raya, huyo amepona?"

Raya aliifunika hirizi kwa kanga.

"Bado, bibi," alijibu. "Na naona ameniambukiza."